Waya wa Bluu

Jana binti yangu alikuwa akipekua droo akitafuta betri za rimoti, akaibuka na waya mnene wenye vichwa viwili vya bluu.

"Baba, huu wa nini?"

Nikamwambia wa kuunganishia laptopu na TV.

"Unapitisha picha?"

"Ndiyo."

"Na sauti?"

"Sauti haupitishi."

Akanikabidhi, akaendelea na betri zake. Mimi nikabaki nimeushika mkononi, na Babati yote, nyumbani kwa Baba, ikanirudia.

Ilikuwa usiku wa kuamkia Jumatatu, tarehe 15 Septemba 2025. Kifurushi cha kisimbuzi cha Baba kilikuwa kimekwisha, nami nilikuwa nimemwahidi tangu mchana kwamba mbio za marathoni za ubingwa wa dunia kule Tokyo ataziona kwenye TV yake mwenyewe, si kwenye kioo cha simu cha kukodolea macho. Laptopu ninayo, bando ninalo, waya wa HDMI, ule wa kisasa unaopitisha picha na sauti pamoja, nimekuja nao kutoka Dar. Kumbe tundu la HDMI la ile TV lilikuwa limelegea. Ukigusa, picha inakuja. Ukiachia, inakwenda. Nilijaribu kuushikilia waya kwa gazeti lililokunjwa, nikajaribu kwa kijiti cha kiberiti, wapi.

Baba ni mwalimu mstaafu na hatupi kitu. Akaingia chumbani, akatoka na boksi la vikorokoro vyake vya shule, na ndani yake mlikuwa na huu waya wa VGA, uliowahi kutumika na projekta. Pini 15 katika safu tatu, skrubu mbili za kukaza kwa vidole. Nikakaza. Nikabonyeza kitufe cha Windows pamoja na P, nikachagua picha itokee kote kuwili, nikaiweka TV ipokee picha kutoka tundu la PC. Barabara za Tokyo zikajaa sebuleni. Nikashusha ubora wa picha hadi 480 ili bando lifike mwisho wa mbio.

Kule ilikuwa saa moja na nusu asubuhi, kwetu saa saba na nusu usiku.

"Mbona hawasemi?" Baba akauliza.

Nikamweleza: waya huu hubeba picha tu, spika za laptopu zilikufa tangu zilipomwagikiwa chai, na spika za masikio nilizisahau kwenye basi. Niliona aibu kweli. Ningejipanga mapema usiku ule ungekuwa kamili. Baba akajifunika vizuri blanketi lake.

"Acha tu, mwanangu. Sisi tumezoea kupata kimoja kimoja."

Nilijua anasema nini. Tarehe 2 Februari 1974, kule Christchurch, Mtanzania mwenzetu Filbert Bayi alikimbia mita 1500 kwa dakika 3 na sekunde 32.2, rekodi ya dunia, akiwa mbele tangu mwanzo hadi mwisho, huku John Walker wa New Zealand akimfukuza bila kumpata. Baba alikuwa kijana, akazipata habari hizo kwenye redio ya mwenye duka. Ametusimulia utoto wetu wote. Picha yenyewe alikuwa hajawahi kuiona.

Saa mbili za mbio nitazipitisha haraka, kwa sababu sisi wenyewe tulizipitisha kwa chai na kwa kuhesabu waliobaki kwenye kundi. Mtanzania wetu, Alphonse Simbu, alikuwamo. Kila kamera ilipogeuka Baba alimtafuta, na kila alipomwona alisema, "Yupo." Hakuongeza neno. Yupo.

Wakaingia uwanjani watatu: Amanal Petros wa Ujerumani, Iliass Aouani wa Italia, na Simbu. Hapo Baba akainuka, blanketi likaanguka, akaisogelea TV mpaka nikawa namwona yeye kuliko mbio. Akaweka kiganja kwenye ukingo wa juu wa TV, kama anavyomwekea mtoto mkono kichwani. Nasikia feni ya laptopu ikivuma. Nasikia mbwa wa jirani. Uwanja mzima wa Tokyo umesimama unapiga kelele na sisi hatusikii hata mmoja. Petros yuko mbele. Aouani ameachwa. Simbu yuko nyuma ya Petros, anakuja, mabega yameanza kwenda upande, anakuja, na sasa wako sawa, na mstari ndio huo, na Petros anajitupa mbele mwili mzima na kuanguka chini.

"Nani?" Baba akauliza bila kugeuka.

"Sijui, Baba."

"Nani amepata?"

"Sijui."

Wenye sauti huenda mtangazaji alikuwa akiwaambia kitu. Sisi tulisimama tu, mkono wake juu ya TV, wangu juu ya bega lake, tunasubiri kusoma. Baadaye Simbu mwenyewe alisema hata yeye hakuwa na hakika mpaka alipoona jina lake juu kwenye ubao. Basi tulikuwa watu watatu tusiojua. Kisha likatokea: SIMBU, TAN, la kwanza. Wote wawili saa 2:09:48, tofauti sekunde 0.03. Dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano ya dunia ya riadha.

Baba hakupiga kelele. Alirudi akakaa, akaokota blanketi, akaliweka magotini. Mama akatoka chumbani kuuliza kuna nini mbona kimya namna hii, na Baba akamjibu, "Amepata."

Nimeshanunua spika ndogo ya bluetooth, na ile TV imetengenezwa tundu. Lakini mara nyingi najiuliza kama usiku ule, sauti ingekuwapo, Baba angefanya kile alichofanya baadaye. Sina jibu.

"Hiyo mashine yako," aliniuliza, "Bayi yumo?"

Nikatafuta. Yumo. Picha imechakaa, lakini ni yeye. Baba alimtazama mzunguko wa kwanza wote bila kusema, mdomo wazi kidogo. Halafu akaanza. Kwa sauti ileile ya kutusimulia utotoni, polepole kisha haraka: ametoka, ametoka mbele peke yake, wanadhani atachoka, hachoki, huyo Walker huyo, anakuja, hamfikii, hamfikii! Mama akakaa kwenye mkono wa kochi. Maneno ya Baba yakawa yanakwenda sambamba na miguu ya Bayi.

Dakika tatu na nusu, zikaisha.

"Rudisha mwanzo," Baba akasema.

Nikarudisha, na nikarudisha tena, mpaka bando likakata.