Nani alikufundisha kusuka?

Jumamosi iliyopita nilikuwa Berlin, nikaingia duka moja la vitu vya nyumbani. Dirishani kimetundikwa kikapu cha ukili, ule utepe wa majani yaliyosukwa, chenye vishikio vya ngozi, euro 79. Nimekigeuza tu nitazame mshono wa chini, muuzaji akanijia mbio: tafadhali usishike, hiki kimetengenezwa kwa mkono, kitaharibika.

Kiharibike kwa kushikwa! Kikapu kama kile kwetu hubebewa samaki na mihogo, kikirowa kinaanikwa uani, kesho kinarudi sokoni. Bei yake ya nyumbani mnaijua, na hata hiyo watu huomba ipunguzwe. Kibandiko kilikuwa na jina la mbunifu na mji anaokaa, mji wa Ulaya. Chini yake neno moja: Afrika. Aliyekaa akasuka hakuandikwa popote. Nilitoka dukani natetemeka, kwa sababu mshono ule niliujua. Ndio aliokuwa akishona bibi yangu.

Mimi ni mtu wa Pemba. Bibi yangu mzaa mama sikumbuki kumwona mikono mitupu isipokuwa anaposali na anapokula. Ukindu, majani ya mkindu, ukishakatwa na kukaushwa juani aliuchana chane nyembamba zinazolingana, nyingine akazichemsha na rangi, nyekundu na ya zambarau, kisha akazirowesha kidogo zisikatike. Hapo tena ni mikono tu. Alisuka akiwa barazani, alisuka akienda kwa jirani, ukili umekunjwa kama gurudumu chini ya kwapa na ncha yake inakua vidoleni. Ukifika urefu wake huzungushwa na kushonwa, ukingo kwa ukingo, mpaka unakuwa kama pipa lisilo na kitako. Pipa linapasuliwa kwa kisu, likitandazwa ni mkeka. Nikiwa mdogo sehemu ile ya kisu iliniogopesha, kazi ya miezi inapasuliwa namna ile.

Mimi nilifunzwa nikiwa na miaka saba. "Kaza, mjukuu wangu, kaza. Mkeka uliolegea haulaliki." Niliichukia ile kazi. Vidole vilikatika, wenzangu wanacheza, mimi nahesabu chane. Nilikimbilia vitabu, nikafaulu, na mwisho wa mbio zile nikajikuta Cottbus, mashariki ya Ujerumani, nauguza wazee. Katika maisha yangu yote sikuwahi kumuuliza bibi kazi ile aliipataje. Niliukuta ukili mikononi mwake kama nilivyokikuta kisima cha mtaa.

Aliyeniuliza mimi ni Mjerumani. Nyumba ya wazee ninayofanya kazi yuko bibi mmoja, amepita miaka themanini, usahaulifu umemla. Wanawe hawatambui. Desemba tulikuwa tunafunga zawadi, nikawa na vipande vya utepe, mikono ikaanza yenyewe kusuka ukili mwembamba wa njano na kijani. Bibi yule akaja na kigari chake, akanishika kifundo cha mkono, akatazama muda mrefu. "Nani alikufundisha?" Nikamwambia bibi yangu. Akasema, "Yeye alifundishwa na nani?" Sikuwa na jibu. Ndugu zangu, mwaka wa tisa niko nchi hii nimeulizwa natoka wapi, narudi lini, nimejifunza wapi Kijerumani. Swali lile hakuna aliyewahi kuniuliza, na huyu hata siku hakumbuki ni ipi.

Kisha akachomoa uzi kwenye blanketi lake, akaukata kwa meno, akaunga ncha mbili kwa kidole gumba na cha shahada, haraka hata sikuona. Nilivuta kwa nguvu zangu, fundo halikuteleza. Ni fundo la wafumaji, la kuunga uzi wa mtande uliokatika bila kuacha uvimbe kwenye kitambaa. Jina la mwanawe limemtoka, fundo limebaki.

Habari zake nimezipata vipande vipande. Ni mtu wa Forst, mji wa viwanda vya sufu kando ya mto Neisse, ng'ambo ni Poland. Zamani waliuita Manchester ya Ujerumani, kwa jina la mji wa Uingereza uliovuma kwa viwanda vya nguo. Baba yake hakurudi vitani, mama yake alikuwa kiwandani, naye akaingizwa akiwa na miaka 14. Hakuchagua. Mji ule mlango ulikuwa mmoja. Mitambo ilipiga kelele kiasi kwamba wafumaji walisomana midomo, na mpaka leo ananitazama mdomo ninapozungumza. Baada ya Ujerumani mbili kuungana 1990 viwanda vile vikafungwa, na mikono kama yake ikaambiwa haihitajiki.

Siku moja akanitajia wasichana wa Msumbiji. Nilidhani ni usahaulifu. Kumbe kweli: 1979 serikali ya Msumbiji na ya Ujerumani Mashariki zilitia saini mkataba, vijana kwa maelfu wakaletwa viwandani, wengi wao kwenye nguo na nyuzi. Wengine waliahidiwa ufundi walioutaka wao, wakifika wanaonyeshwa mashine. Msichana akishika mimba ni kuitoa au kurudishwa kwao. Sehemu ya mshahara ilikatwa wakaambiwa wataikuta nyumbani, na hadi leo wapo wanaoandamana Maputo wakiidai.

Kwa hiyo wewe unayeniandikia kila wiki kwamba unataka kuja kusomea uuguzi, nisikilize. Njia ipo na ni halali: miaka mitatu ya mafunzo huku unalipwa. Lakini jifunze lugha kwanza mpaka uweze kubishana nayo. Usimpe wakala fedha za shamba la baba yako. Mkataba usome neno kwa neno, na penye neno usilolijua usitie saini. Mshahara utakaoambiwa si utakaoushika, kodi na bima hukatwa kabla hujauona, na kodi ya chumba itachukua sehemu kubwa ya kilichobaki. Nayasema haya kwa sababu nakupenda.

Nirudi kwenye nyuzi. Mwanangu alipewa kazi ya shule kuhusu Bauhaus, shule ya zamani ya sanaa na ubunifu hapa Ujerumani, tukaenda makumbusho yake mjini Dessau. Huko nikamjua Anni Albers, mfumaji mzaliwa wa Berlin, aliyejiunga na shule hiyo 1922. Alitaka karakana ya vioo, haikuwezekana. Wanawake walisukumiwa kwenye ufumaji, naye mwenyewe aliudharau, akauona kazi ya kike isiyo na uzito. Aliingia kwa kukosa pengine. Kufika 1930 amefuma pazia la ukumbi wa shule ya vyama vya wafanyakazi huko Bernau, upande mmoja linanyonya sauti na mwingine linarudisha mwanga. 1933 akakimbilia Marekani na mumewe, maana ukoo wake Anni ulikuwa wa Kiyahudi, na 1949 makumbusho ya sanaa za kisasa ya New York yakampa maonyesho yake mwenyewe, ya kwanza kwa mfumaji. Alisukumwa kama bibi wa Forst, alichukia kama mimi.

Lakini lililonifanya nikae chini kwenye benchi la makumbusho ni hili. Kitabu chake cha ufumaji, cha 1965, alikitabaruku kwa walimu wake wakuu, wafumaji wa Peru ya kale. Watu waliokufa karne nyingi, wasioandikwa jina, vitambaa vyao vimetoka makaburini. Mwanamke mwenye sifa zote zile aliona haya kutomtaja mwalimu. Yule wa kikapu cha euro 79 hakuona.

Jioni ya Jumamosi nilimpigia mama, nikamuuliza nilichoulizwa Desemba. Alinyamaza mpaka nikadhani mtandao umekatika. "Bibi yako alifunzwa na mke mwenziwe," akasema. "Aliolewa hajui hata kuchana. Yule mkubwa akamkalisha upande wake, akamwambia tusuke, tusije tukagombana." Nimelia, kwa sababu yule mke mkubwa nilimkuta hai, nilimpelekea chai mara nyingi, na nilimjua kwa jina la mwanawe tu.

Mama amempa mtu anayekuja mwezi ujao fungu la ukindu mkavu. Nimeshatafuta beseni la kuurowesha, refu, lisilokunja majani. Zamu yangu na bibi wa Forst ni Alhamisi.