Jinsi Nilivyoipatia Baiskeli Yangu ya Milimani Gia Nzito Zaidi

Baiskeli yangu ya kwanza ya milimani ilikuwa ya bei ya chini, yenye sproketi (magurudumu ya meno yanayoshika cheni) tatu mbele za meno 42, 34 na 24, na nyuma friwili, yaani fungu la sproketi linalofungwa kwa nyuzi kwenye gurudumu, ya gia saba kuanzia meno 14 hadi 28. Kwenye vilima ilinitosha kabisa. Taabu ilikuwa kwenye barabara tambarare na miteremko midogo, ambako gia ziliniishia mapema: miguu inazunguka mbio, mwili unarukaruka kwenye kiti, nayo baiskeli haiongezi mwendo.

Wazo langu la kwanza lilikuwa kubadilisha kranki nzima, yaani mikono ya pedali pamoja na sproketi zake, ili mbele nipate sproketi ya meno 48. Kabla ya kununua chochote nilikaa nikapiga hesabu, nami nashukuru hadi leo kwamba nilifanya hivyo. Nilitia alama ya chaki kwenye tairi, nikaisukuma baiskeli mpaka alama ikarudi chini, nikapata mita 2.05 kwa mzunguko mmoja. Kwa meno 42 mbele na 14 nyuma, gurudumu huzunguka mara tatu kila pedali zinapozunguka mara moja. Kwa hiyo nikinyonga mizunguko 80 kwa dakika nakwenda takriban kilomita 29.5 kwa saa. Sproketi ya 48 ingenifikisha kilomita 33.7. Lakini nikiiacha ile 42 mahali pake na kuweka sproketi ya meno 11 nyuma, kasi ya miguu ikiwa ileile, nafika kilomita 37.6. Kupunguza meno matatu nyuma kulizidi kuongeza meno sita mbele, tena bila kurefusha cheni wala kuhofia sproketi kubwa kugusa fremu.

Nilichagua friwili ya gia saba yenye meno 11, 13, 15, 18, 21, 24 na 28. Kwa kuwa sproketi yake kubwa ilibaki 28, gia yangu nyepesi ya kupandia mlima haikuguswa. Nilichopoteza ni ukaribu wa gia: ile ya zamani ilipanda kwa meno mawili mawili kutoka 14 hadi 24, ilhali sasa kutoka 15 hadi 18 kuna pengo ambalo miguu hulihisi, hasa upepo unapovuma usoni. Kwangu hasara hiyo ilivumilika.

Kuifungua friwili ya zamani ndiko kulikonitoa jasho, kwa maana kila mnyongo wa pedali huikaza zaidi kwenye nyuzi zake. Niliingiza kifungulio chake kwenye mifereji ya katikati, nikakishikilia kwa nati ya ekseli ili kisichomoke, nikakibana kwenye jiliwa, kisha nikashika gurudumu kwa mikono miwili na kulizungusha kinyume cha saa. Ilipoachia kwa mlio mmoja mkali, nililegeza nati mara moja kabla ya kuendelea, kwa kuwa nati hiyo ingezuia friwili kutoka. Nyuzi nilizisafisha na kuzipaka grisi kabla ya kufunga mpya. Baada ya hapo nilirekebisha kwa bisibisi ile skrubu inayozuia cheni isivuke sproketi ndogo na kuangukia upande wa fremu.

Kosa langu lilikuwa kubakiza cheni ya zamani. Nilipokanyaga kwa nguvu mara ya kwanza, iliruka meno kwa kishindo, nami nusura nianguke. Viungo 24 vya cheni mpya vina urefu wa milimita 304.8, vyangu nilipovipima vilikuwa 308, yaani cheni ilikuwa imeliwa kupita kiasi na haikuweza tena kukaa vizuri kwenye meno mapya. Ningeipima mapema, ningenunua vyote viwili kwa pamoja. Cheni mpya ilipofungwa, kuruka kulikoma kabisa.

Sproketi ya meno 11 naitumia kwenye miteremko tu. Kwenye tambarare hubaki zaidi kwenye 13, inayonipeleka karibu kilomita 32 kwa saa kwa mizunguko ileile 80, kwa sababu juu ya hapo ukinzani wa hewa huongezeka haraka kuliko nguvu za miguu yangu.