Majani ya mparachichi na mapumziko ya saa nne

Mwanangu anasoma darasa la nne katika shule moja ya msingi hapa Moshi. Tangu muhula wa pili uanze mwezi Julai, mapumziko ya saa nne ya darasa lake yamefupishwa hadi dakika 10 za kunywa uji, ili muda unaobaki utumike kwa mazoezi ya Upimaji wa Kitaifa. Katika kikao cha wazazi tulielezwa kwamba watoto wanacheza mno, na wengi wetu, nikiwamo mimi, tuliitikia kwa vichwa. Leo nimebadili mawazo, na kilichonibadilisha nilikiona kwa macho yangu.

Asubuhi moja ya baridi nilimpelekea sweta aliyoisahau nyumbani. Darasa la nne walikuwa ndani wameinamia madaftari, lakini wadogo wa darasa la kwanza walikuwa nje. Chini ya mparachichi ulio karibu na uzio, watoto kama tisa walikuwa wamepanga mawe safu tatu, nayo yakawa daladala iendayo Kiboriloni. Dereva alishika kifuniko cha ndoo kama usukani. Konda, mvulana ambaye mwalimu wake aliniambia baadaye kwamba darasani hatulii hata dakika tano, alisimama pale penye mlango usiokuwapo muda wote bila kukaa, kwa sababu gari likijaa konda hana kiti. Nauli ililipwa kwa majani: jani kubwa ni elfu moja, dogo ni mia tano. Msichana mmoja, aliyefunga sweta mgongoni kama mtoto mchanga, alidai chenji yake mpaka akapewa, kisha akawaomba abiria wenzake wapunguze sauti kwa kuwa mtoto ndiyo kwanza amelala. Wakanyamaza wote, kwa heshima ya sweta.

Mwanasaikolojia wa Kirusi Lev Vygotsky, aliyefariki mwaka 1934, alieleza jambo hili kwa mfano wa fimbo ambayo mtoto huipanda kama farasi. Mtoto mdogo sana huona kitu na maana yake kuwa ni kimoja. Fimbo inapogeuka farasi, kwa mara ya kwanza maana imetengana na kitu. Vilevile alisisitiza kwamba hakuna mchezo wa kuigiza usio na kanuni, na kwamba mtoto hujifunza kuzishinda tamaa zake kwa kuzitii kanuni hizo kwa hiari yake mwenyewe. Nilipolisoma hilo nilimkumbuka yule konda. Kilichomsimamisha wima hakikuwa fimbo ya mwalimu, bali ukonda wake.

Hebu sasa tufikirie herufi. Alama iliyoandikwa ubaoni haina sauti yoyote ndani yake. Mtoto anapaswa kukubali kwamba mstari huu uliopinda unasimama badala ya sauti fulani, kama vile jani linavyosimama badala ya elfu moja. Aliyezoea kulipa nauli kwa majani amekwisha kuvuka daraja hilo mara mia kabla hajaketi kusoma. Ndiyo maana nasema tunajipunja tunapochukua muda wa mchezo na kuupeleka kwenye kusoma na kuhesabu, kwa maana tunakausha kisima kilekile tunachotaka kuchota.

Sisi tuliokulia migombani, huko Kibosho, tulitengeneza magari kwa maganda ya migomba na matairi ya kandambili zilizokatika, tukacheza kombolela mpaka giza linaingia, na hakuna mzazi aliyelihesabu hilo kuwa ni upotevu wa muda. Sheria yetu pia hailihesabu hivyo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataja haki ya kucheza na kupumzika katika orodha ileile yenye chakula, malazi, mavazi, matibabu na elimu, na tangu mwaka 1991 Tanzania imeridhia Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Mtoto, ambao kifungu chake cha 31 kinazungumzia mchezo.

Siwalaumu walimu. Matokeo yakitoka, wao ndio wanaoulizwa, na hofu hiyo naielewa kwa sababu nami ninayo. Wala sidhani kwamba kipindi cha michezo kinachoongozwa kwa filimbi, ingawa kinafaa kwa afya, kinaweza kuziba pengo hili, kwa kuwa mle mwalimu ndiye aliyekwisha kuamua nini kifanyike, ilhali kule chini ya mparachichi kila kitu kiliamuliwa na watoto wenyewe, pamoja na bei ya nauli.

Kikao kijacho ni mwishoni mwa mwezi huu. Nimekwisha kuzungumza na wazazi wanne wa darasa la nne, na watatu wamekubali tuombe pamoja kwamba mapumziko ya saa nne yarudishwe kuwa nusu saa kamili, mazoezi yabaki katika vipindi vyake, na ule mparachichi, ambao nasikia unatakiwa kukatwa kupisha maegesho, uachwe.