Video ya Mawimbi Niliyoisambaza Usiku wa Hidaya

Ijumaa ya tarehe 3 Mei 2024, kama saa tatu usiku, nilikuwa nyuma ya cherehani yangu hapa Ngamiani, Tanga, namalizia dera la mteja aliyelitaka asubuhi yake. Mvua inanyesha, inakatika, inarudi. Siku hizo habari ilikuwa moja tu, Kimbunga Hidaya. Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA, ilishatoa tahadhari kwa watu wa pwani, na kila simu ikilia moyo unaruka.

Simu ikalia. Mteja wangu mmoja kanitumia video. Bahari imevimba, wimbi linaruka ukuta na kuingia barabarani, watu wanakimbia wakipiga mayowe. Juu yake sauti ya mwanamume, kwa Kiswahili: hapa Raskazone karibu na kivuko maji yameshaingia, jamani walio jirani na bahari tokeni. Sikuimaliza. Mkono ulishatangulia. Nikaipeleka kwenye kundi la ukoo, la kikoba, la akina mama wa mtaa na la wateja. WhatsApp ilinigomea kuituma kote kwa mkupuo mmoja. Nikadhani ni mtandao unasumbua, nikairudia mara nne, kundi moja baada ya jingine, kisha nikarudi kwenye dera langu nikijiona nimewatendea watu wema.

Shangazi yangu anakaa Tongoni, njia ya Pangani, nyumba yake haiko mbali na ufukwe. Naye yumo kwenye kundi la ukoo. Hakusubiri. Alibeba wajukuu wawili, akaita bodaboda, wakapanda wote kwenye pikipiki moja kuja mjini, usiku, mvua inapiga. Penye tope pikipiki ikateleza. Watoto, alhamdulillahi, walichubuka magoti tu. Shangazi aliangukia mkono wa kulia, ukavunjika juu kidogo ya kifundo.

Nilimkuta hospitali ya Bombo saa sita usiku. Mkono umefungwa kwa kanga na kipande cha ubao, kanga imelowa, na yeye badala ya kulia ananiuliza, "Mwanangu, huko Raskazone maji yamefika wapi?" Kabla sijajibu, kijana wa bodaboda akasema yeye alipeleka abiria Raskazone saa mbili usiku huo huo. Hakukuwa na maji yoyote.

Alfajiri nikampigia shemeji yangu, mvuvi wa Sahare. Akaniambia usiku kucha walikuwa pwani wakivuta ngalawa juu. Upepo ulikuwepo, bahari imechafuka, lakini hakuna wimbi lililoingia barabarani. Kisha akanyamaza, na akaongeza neno moja tu: "Ungenipigia." Dakika mbili za maongezi. Namba yake ninayo tangu alipomwoa dada yangu.

Hatari ya Hidaya ilikuwa ya kweli. Jumamosi kimbunga kilifika Mafia, kikapungua nguvu, na watu wa Kusini walipata taabu hasa; mvua zilikata barabara ya kwenda Lindi. Ndiyo maana ile video ilinipata kirahisi. Uongo ulidandia mgongo wa jambo la kweli, ukaja saa ambayo nimeshaogopa tayari. Ingekuja siku ya jua ningeitazama mara mbili.

Niliitazama mara ya pili Jumamosi mchana, na mpwa wangu aliyekuwa kidato cha nne. Aliisimamisha kila baada ya sekunde chache, tukawa tunaiangalia kama picha. Gari jeupe linakimbia wimbi, linapita upande wa kulia wa barabara; sisi tunaendesha kushoto. Kibao cha duka nyuma ya watu kimeandikwa maandishi ambayo hapa hakuna ayasomaye. Vivuli vya watu ni vifupi miguuni, jua la adhuhuri, wakati Tanga ilikuwa imefunikwa na mawingu. Na huyo msemaji anataja kivuko! Raskazone hakuna kivuko, kila mtoto wa hapa anajua. Yote haya yalikuwa mbele ya macho yangu Ijumaa usiku.

Halafu mpwa akapiga skrinishoti ya pale ukuta unaporukwa, akaiweka kwenye Google Lens. Zikaja picha za ukuta ule ule, zilizowekwa miaka mingi kabla ya Hidaya, za pwani ya Asia. Mtu kaitafuta video ya zamani, kaifuta sauti yake, kaweka ya kwake. Kwa nini, sijui mpaka leo, na sikutaka kupoteza muda kumtafuta.

Mpwa akanionyesha kitu kingine, vimishale viwili juu ya ile video. Vinatokea ujumbe unapokuwa umepita mikononi mwa watu mara tano au zaidi, na tangu Aprili 2020 ujumbe wa namna hiyo unaweza kuutuma kwa mtu mmoja au kundi moja tu kwa wakati mmoja, ili kuupunguzia kasi. Nilikaa kimya. Kile nilichodhani ni mtandao kusumbua kilikuwa breki, nami nikaipita mara nne.

Fikra yangu ya kwanza ilikuwa kufuta. Nikabonyeza "futa kwa wote" kwenye makundi yote manne. Mpwa akasema, "Mama mdogo, hapo umeficha tu. Waliokwisha kuiona bado wanaamini." Alisema kweli, na iliniuma kuisikia kwa mtoto. Nikarekodi sauti, maana wazee wetu wengi hawasomi meseji ndefu. Nilisema hivi: "Assalamu alaykum. Ile video ya Raskazone niliituma mimi. Ni ya uongo, si ya Tanga, ni ya zamani. Sikuiuliza kwa mtu. Shangazi kavunjika mkono kwa sababu yake. Naomba mnisamehe, na kama mmeituma kwingine, tafadhali ipelekeni sauti yangu huko huko." Sekunde thelathini na kitu. Nilizirudia mara sita kabla ya kuituma, kwa sababu kila nilipofika kwenye mkono wa shangazi sauti ilikatika.

Majibu hayakuwa mamoja. Wengi walisema pole. Mwenzetu mmoja wa mtaani aliniambia faragha kwamba nimejidhalilisha, ningeacha mambo yapite. Kaka yangu mkubwa alikasirika, na siwezi kumlaumu. Ila siku ya tatu mteja wa Muheza alinipigia kuniambia sauti yangu imemfikia kwenye kundi la shule ya mwanawe, kundi ambalo mimi simo. Hapo nilipumua kidogo. Kama video ilifika huko, basi na masahihisho yamefika.

Mteja wangu mwingine ni mwanasheria. Alipokuja kupima gauni aliniambia Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kifungu cha 16, inamhusu anayechapisha habari huku akijua ni ya uongo, na adhabu ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote. Akanituliza kwamba mimi sikujua. Nilimshukuru, lakini shangazi alikaa na plasta wiki sita bila kuweza kukuna nazi, na kwake kujua kwangu na kutojua kwangu vilikuwa na uzito ule ule.

Tangu wakati huo nina desturi moja: kabla sijatuma kitu, nampigia mtu mmoja aliyepo mahali penyewe au mwenye kazi hiyo. Bahari, shemeji. Hali ya hewa, kurasa za TMA wenyewe na redio. Shule kufungwa, mwalimu. Ugonjwa, muuguzi jirani yangu. Nisipompata mtu, situmi, hata kama makundi yote yanachemka.

Desturi hiyo ndiyo iliyotuokoa mwezi wa Novemba. Nilipata meseji ya mweka hazina wetu wa kikoba kwenye WhatsApp: "Dada, nimekosea, nimetuma namba ya tarakimu sita kwenye simu yako, naomba unirudishie." Na kweli, meseji ya kawaida ilikuwa imeingia ikiwa na tarakimu sita za kusajili WhatsApp yangu, na chini yake onyo la kutompa mtu yeyote. Zamani ningezitoa bila kufikiri, huyu ni mtu ninayemkabidhi pesa zangu kila Jumapili. Nikampigia, simu ya sauti ya kawaida. Akapokea akiwa soko la Mgandini anachagua nyanya. Hakuwa ametuma chochote. WhatsApp yake ilimtoa tangu asubuhi, baada ya kumpa "jirani" tarakimu zake.

Mwizi alikuwa ndani ya kundi letu, anaandika kwa jina na picha ya mweka hazina, anaomba mkopo wa dharura. Sikuandika kitu humo. Nilipiga simu mmoja mmoja, wanachama kumi na wanne. Mmoja nilimkuta yuko dirishani kwa wakala, noti mkononi, 150,000. Mwingine alishatuma 40,000. Tulipiga 100 huduma kwa wateja haraka tulivyoweza, lakini pesa ilikwisha kutolewa. Haikurudi. Ile namba iliyopokea pesa tuliituma kwenda 15040, mahali TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano, wanapopokea taarifa za namba za matapeli. Mweka hazina aliisajili upya WhatsApp yake kwa laini yake. Zile tarakimu mpya zilipoingia, mwizi akatolewa. Lakini alikuwa ameweka namba yake ya siri, ikabidi mwenzetu asubiri siku saba ndipo aingie.

Jumapili iliyofuata hatukuhesabu hisa kwanza. Tulikaa mkekani barazani kwangu, simu zote katikati, na mpwa akatupitisha: Mipangilio, Akaunti, uthibitishaji wa hatua mbili, weka tarakimu sita za siri unazozichagua mwenyewe, weka na barua pepe ya kukusaidia ukisahau. Kila mtu alitaka kuweka siku ya kuzaliwa ya mtoto wake, na watoto wetu wote tarehe zao ziko hadharani kwa sababu tunawapongeza kwenye mitandao kila mwaka. Tukabishana karibu saa nzima. Kisha tukapiga *106#, kila mmoja aone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake cha NIDA. Mama mmoja akakuta laini asiyoijua. Alikwenda Jumatatu dukani kwa mtandao husika, ikafutwa.

Kuna jambo la shangazi sitaki kuliacha. Alipofungwa plasta, watu waliniomba picha yake waiweke mtandaoni pamoja na onyo, kwamba tazameni madhara ya habari za uongo. Waliomba kwa wema, na mimi nilishaitoa simu nimpige picha. Akaificha plasta chini ya kanga. "Mkono wangu si tangazo," akasema. Niliirudisha simu mkobani. Sasa tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini mimi nilijifunza kwake, kitandani, kuuliza kwanza. Hata haya ninayoandika nilimsomea, akakubali, akaniambia niongeze kwamba mkono umepona na nazi anakuna.

Mwezi uliopita upepo wa kusi ulivuma kwa nguvu siku tatu, na sauti ikaanza kuzunguka, eti mashua imezama na watu wake. Shangazi alinipigia saa nne usiku. Hakuuliza kama ni kweli. Aliuliza, "Shemeji yako umeshampigia, au nimpigie mimi?" Alishampigia dada yangu, na dada yangu alishampa simu mumewe. Mashua zote za Sahare zilikuwa juu mchangani, akasema, na yeye alikuwa anakula ugali kwa changu.