Kakamega hadi Rusinga, siku tatu

Jamani, bado niko kule! Saa kumi na moja alfajiri tulikuwa tunapanda kilima cha Lirhanda kwa tochi, na jua likachomoza juu ya msitu wa Kakamega, magharibi mwa Kenya, ukiwa umefunikwa na ukungu. Kushuka, kiongozi wetu akatuonyesha mkuyu uliokumbatia mti mwingine mpaka ukaufisha. Ndani umebaki uwazi, nikaingia nikatazama juu. Mbega walikuwa wanarukaruka matawini.

Kesho yake tukavuka daraja la Mbita kuingia kisiwa cha Rusinga, Ziwa Victoria. Omena, wale dagaa wa ziwani, zimeanikwa juu ya nyavu, harufu mpaka barabarani. Kwenye kaburi la Tom Mboya, waziri wa Kenya aliyeuawa kwa risasi 1969, jengo lina umbo la risasi. Nilisimama pale muda mrefu, machozi yakanitoka.