Serumu ya njano: ndani mna vitamini gani hasa?

Bukavu mgonjwa akimaliza siku tatu kitandani bila kula, jamaa wanaomlinda huanza kuuliza: "Mbona hamujamutia ile ya njano?" Ya njano ni serumu, yaani dripu ya mshipani, iliyotiwa B kompleksi, mchanganyiko wa vitamini za B. Chupa ikitundikwa na kugeuka rangi, roho za watu zinatulia. Rangi ile ni ya B2, riboflavini. Haina ubaya, ila si B2 inayomwangusha haraka mtu asiyekula. Ni B1, thiamini, na B1 haitii chupa rangi.

Akiba ya B1 mwilini ni kama mg 30 tu, nayo hudumu wiki mbili hadi tatu. B12 huweza kukaa miaka ndani ya ini. Kwa hiyo mama mjamzito aliyetapika wiki nne, mtu aliyepasuliwa utumbo akakatazwa kutia kitu mdomoni, au mnywaji wa kanyanga aliyeacha kula kitambo, anaweza kufika akiba imekwisha kabla hujamfungulia fishi, karatasi yake ya matibabu. Na kama sahani yake ya kila siku ilikuwa fufu ya muhogo, hata hiyo akiba haikuwa imejaa.

Dalili za kuishiwa B1 ziko tatu: macho kuchezacheza au kuona viwili viwili, miguu kuyumba, na akili kuchanganyikiwa. Ni mara chache kuzikuta zote kwa mtu mmoja, basi usingoje zitimie. Kwa mjamzito anayebwabwaja maneno, wengi hukimbilia malaria ya ubongo. Pima malaria, ndiyo, lakini B1 isisubiri jibu la maabara.

Kosa kubwa zaidi ni mpangilio. Mgonjwa amedhoofika, anatundikiwa glukosi ya 5% au 10% "apate nguvu", vitamini itafuata kesho farmasi ikifunguliwa. Sukari haiwezi kuchomwa vizuri mwilini bila B1. Ukiimwaga sukari kwa mtu ambaye B1 imemwishia, inakula kile kidogo kilichobaki, na aliyekuwa anaongea asubuhi anaweza kuwa hajitambui jioni. B1 itangulie, au angalau iingie pamoja na sukari. Kuna hali moja tu ya kutongoja: glisemia, yaani sukari ya damu, ikiwa imeshuka, sukari itolewe papo hapo na B1 ifuate mara moja.

Sasa shika ampule, kile kichupa cha dawa ya sindano, uisome. B kompleksi si kitu kimoja: kila kiwanda kina kipimo chake cha B1. Mwenye dalili hupewa B1 mg 500 mara tatu kwa siku, siku mbili au tatu, kisha mg 250 kwa siku mpaka zitimie siku nyingine tatu hadi tano. Mjamzito anayetapika bila dalili hizo hupewa mg 100 kwa siku ili kumkinga. Ikiwa ampule yako ya B kompleksi imeandikwa B1 mg 10, dozi moja ya mg 500 ingetaka ampule 50. Hapo omba thiamini peke yake kwenye depo, ampule za mg 100, ambapo dozi ni ampule tano.

Ampule hizo tano zitie kwenye ml 100 za serumu ya chumvi ya 0.9%, ziingie kwa dakika 30. Trusi (mrija wa serumu) ya kawaida ina matone 20 kwa ml 1: 100 × 20 ÷ 30 ni matone 67 kwa dakika, yaani kama 17 kila sekunde 15. Usiongeze dawa kwenye chupa iliyokwisha tundikwa na kuiacha hivyo. Dawa inaweza kubaki chini, karibu na mdomo wa trusi, mgonjwa akapokea karibu yote katika dakika za kwanza. Funga trusi, shusha chupa, tia dawa, ipindue juu chini mara kadhaa, ndipo uitundike tena. Bikaboneti isiingie chupa hiyo, maana huivunja thiamini. Mzio ni nadra lakini upo, kwa hiyo adrenalini iwe karibu: mg 0.5 kwenye msuli wa paja kwa mtu mzima.

Ukitoa B1 kwa dozi hizo na hakuna kinachobadilika, fikiria magnesiamu. Bila magnesiamu B1 haifanyi kazi, na anayetapika sana huipoteza. Salfeti ya magnesiamu haihitaji kutafutwa mbali, materniti nyingi (wodi za uzazi) huiweka kwa ajili ya eklampsia, degedege la ujauzito.

Vitamini K, inayosaidia damu kuganda, ni kesi nyingine. Inahitajika kwa mwenye manjano ya njia ya nyongo kuziba, kwani K hainyonywi utumbo usipopata nyongo, hata akimeza vidonge pakiti nzima. Kwenye mshipa isizidi mg 1 kwa dakika. Ampule ya mg 10 ikisukumwa kwa sekunde chache inaweza kuangusha presha na hata kuua. Kimiminika cha kuichanganyia kisome kwenye karatasi ya dawa, kwa sababu aina hazifanani. Pia huchukua saa kadhaa kufanya kazi, kwa hiyo anayevuja damu sasa hivi anahitaji msaada mwingine pia. B12 yenyewe mahali pake ni msulini.

Mwanga huharibu B2, A na C. Chupa iliyo dirishani ifunike kwa sashe (mfuko wa plastiki) nyeusi, na usichanganye asubuhi cha kutumia jioni.

Anayelishwa kwa mshipa peke yake kwa muda mrefu anahitaji mchanganyiko kamili wa vitamini kila siku, si B kompleksi tu. Mwaka 1997 Marekani mchanganyiko huo uliadimika, na wagonjwa waliolishwa bila vitamini wakapata asidi ya laktiki iliyozidi kwenye damu kwa kukosa B1. Huku kwetu lishe hiyo ni ghali na adimu, basi utumbo ukifanya kazi, tumia sonda ya pua, mrija unaopitia puani hadi tumboni: vidonge visagwe, vipitishwe na maji, sonda isafishwe kwa ml 20 hadi 30.

Na serumu si chakula. Lita nzima ya glukosi ya 5% ina sukari gramu 50, yaani kilokalori zisizozidi 200. Mwenye kuchoka tu, anayekula sombe na samaki nyumbani, ya njano itamtoka na mkojo. Mkojo nao utakuwa wa njano kali, msishtuke.