Vocha za shule Ohio: anayechagua ni nani?

Huku Columbus, Ohio, shule ya mwanao inategemea sana bei ya nyumba za mtaani kwenu. Shule za umma hazitozi ada, lakini sehemu kubwa ya pesa zake hutoka kwenye kodi ya majengo ya wilaya ya shule husika, na wilaya ikitaka kuiongeza, mara nyingi lazima iombe kura za wananchi. Mji mdogo wa Bexley umezungukwa karibu wote na Columbus, ila una nyumba za wenye nazo na wilaya yake ya shule. Ukivuka barabara tu, uko kwenye mfuko mwingine. Mahakama ya Juu ya Ohio ilishasema mwaka 1997, katika kesi ya DeRolph, kwamba kutegemea kodi hiyo kupita kiasi kunakiuka katiba ya jimbo. Wabunge wamekuwa wakikarabati mfumo huo tangu hapo.

Katikati ya ukarabati ndipo zikapanuka vocha, yaani pesa za serikali za kumlipia mtoto ada ya shule ya binafsi. Zilianzia Cleveland mwaka 1996, zikilenga familia za kipato cha chini, na mwaka 2002 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaziruhusu hata kwa shule za dini, kwa kura 5 dhidi ya 4. Mwaka 2023 wabunge wa Ohio wakamfungulia mlango kila mtu. Mwaka wa masomo 2023/24 mtoto wa hadi darasa la nane alipata hadi dola 6,165, na wa sekondari 8,407. Familia ya watu wanne yenye kipato cha dola 135,000 ilipata kiwango kamili. Waliozidi hapo walipata vocha ndogo zaidi, si kwamba walikosa.

Shemeji yangu wa Dar, anayejikamua kila muhula kulipa ada ya English medium, alicheka aliposikia. "Yaani serikali inakulipia academy, na bado mnalalamika?"

Ningemwelewa kama vocha ingekuwa inanunua nafasi. Hainunui. Jirani yangu, mama Mkongo aliyekuja na wanawe wawili kutoka kambini, alijaza fomu za wote katika shule moja ya binafsi. Binti akapita. Kijana akapewa mtihani wa kusoma, kisha mama akaitwa ofisini. Alirudi na karatasi mkononi: "Baba, banasema mutoto Kingereza bado." Hawakuwa na mwalimu wa kumsaidia, na sheria haiwalazimishi kumpokea. Shule ya umma ilimpokea wiki hiyohiyo, na mkalimani wa Kiswahili akaunganishwa kwa simu ili mama aulizwe chanjo na mizio ya chakula. Hata mtoto angefika Februari, hajui herufi, wangemchukua.

Sasa hesabu inakuwa hivi: shule ya umma inabaki na wanaohitaji walimu wa ziada, huku vocha zikigombea bajeti ileile ya jimbo. Halafu kuna mabasi. Sheria ya Ohio inaitaka wilaya ya umma iwasafirishe pia wanafunzi wengi wa shule za binafsi. Kwa hiyo binti wa jirani anapelekwa shule ya binafsi na basi la wilaya ileile inayomfundisha kaka yake.

Kinachoniudhi zaidi ni walionufaika na upanuzi wa 2023. Vocha ziliongezeka sana, lakini idadi ya wanafunzi wa shule za binafsi ilipanda kidogo tu. Maana yake wengi walikuwa humo tayari, wakilipa wenyewe. Wamepewa punguzo.

Wilaya nyingi za shule ziliungana kushtaki, na Juni 2025 jaji wa kaunti ya Franklin akaamua kwamba mpango huo unakiuka katiba, ila akauacha uendelee wakati rufaa ikisubiriwa. Kwa hiyo fomu bado zinajazwa.

Mimi simlaumu mzazi anayejaza, na jirani nilimsaidia mwenyewe. Ila uliza mapema: kuna mwalimu wa Kiingereza kwa wageni? Sare na michango ni kiasi gani? Kwa familia za kipato cha chini shule hairuhusiwi kudai ada zaidi ya vocha. Ukiambiwa ulipe tofauti, omba waandike. Na nyie mliokwisha kula kiapo cha uraia, kodi ya shule ikiletwa kwenye kura Novemba, nendeni mkapige. Wazee wasio na watoto shuleni huwa hawakosi.